Jenerali China: Askari aliyerudi uraiani mara mbili

WAKENYA wengi wanamfahamu hayati Waruhiu Itote kwa jina lake la msituni, Jenerali China, na kwa vita alivyoviongoza katika Mlima Kenya dhidi ya serikali ya mkoloni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa jenerali wa Mau Mau alikuwa askari mtiifu wa Mfalme wa Uingereza, na kwamba baada ya vita vya msituni aliitumikia serikali huru kwa takriban miaka 20 akiwalea vijana wa taifa.

Kati ya hatua hizo za maisha yake mna swali ambalo kila nchi iliyowahi kupeleka vijana wake vitani hulazimika kulijibu: mtu aliyefunzwa kupigana hurudije nyumbani, na nani anapaswa kumtayarishia njia?

Itote alirudi uraiani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipovua sare ya Keya akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1962, alipotoka kizuizini akiwa na umri wa miaka 40. Marejeo hayo mawili hayakufanana hata kidogo, na tofauti yake inaeleza mengi kuhusu historia ya Kenya.

KUTOKA KAHETI HADI BURMA

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, eneo la Mukurwe-ini, Nyeri. Babaye alikuwa mkulima. Elimu aliyoipata kijana huyo utotoni ilikuwa haba, lakini hamu yake ya kujua mambo ilikuwa kubwa kuliko kijiji chake. Mwaka 1939 alitoroka nyumbani na kwenda Nairobi, ambako pamoja na wenzake alijitosa katika biashara ndogo ya mboga.

Nairobi ya wakati huo haikuwa na huruma kwa kijana Mwafrika asiye na mtaji. Mji uligawanywa kwa rangi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi kwa muda kisha arejee kijijini. Kila mwanamume mtu mzima alilazimika kubeba kipande, kile cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kasha la chuma na kuning'inizwa shingoni, ambacho kilianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Asiyekuwa nacho aliweza kutiwa mbaroni wakati wowote.

Januari 1942, Itote alijiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi walilifupisha kwa ulimi wao na kuliita Keya. Hakuwa peke yake. Inakadiriwa kuwa Wakenya Waafrika wapatao 98,000 walihudumu katika majeshi ya Uingereza wakati wa vita hivyo. Baadhi yao walijitolea kwa ajili ya mshahara, wengine kwa kutamani kuiona dunia, na wengine walichukuliwa kwa nguvu na machifu waliotakiwa kutimiza idadi.

Itote alitumikia katika kikosi cha 36 cha Keya. Kikosi hicho kilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, mwaka 1943, kisha ikaingizwa Burma mwaka 1944 kuwakabili Wajapani. Askari wa Afrika Mashariki walipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katikati ya matope, malaria na wadudu, wakapigana hatua kwa hatua hadi Kalewa, ambako mto Chindwin ulivukwa Desemba 1944.

Huko ndiko Itote alikojifunza kupigana msituni: kuvizia, kujificha, kuishi kwa chakula kidogo, na kusoma nyayo za adui. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba elimu hiyo ingekuja kutumiwa dhidi ya serikali iliyoitoa.

Lakini si mbinu za vita pekee alizojifunza. Katika kumbukumbu zake, alizozitoa kwa kitabu baadaye, anaeleza mazungumzo kadhaa yaliyombadilisha. Askari Mwingereza alimuuliza kwa nini Waafrika walikuwa tayari kufa kwa ajili ya nchi isiyokuwa yao, na swali hilo likamnyima usingizi kwa kuwa hakuwa na jibu. Alipokuwa India alikutana na askari mweusi kutoka Marekani aliyemsimulia habari za Haiti, na jinsi watumwa wa huko walivyojikomboa. Aliwaona pia Wahindi wakizungumzia uhuru wao waziwazi, jambo ambalo kwao Kenya lingeweza kumtia mtu gerezani.

Aliona pia mzungu akiogopa, akilia, akijeruhiwa na kufa kama mtu mwingine yeyote. Kwa kijana aliyelelewa chini ya utawala uliojikweza kama miungu, hilo lilikuwa somo zito. Wakati uo huo, aliona kwamba ujasiri wa Mwafrika haukumpandisha cheo kupita kiwango fulani. Uafisa kamili katika Keya uliachiwa wazungu, na mshahara wa askari mweusi ulikuwa mdogo kuliko wa mzungu aliyefanya naye kazi ile ile.

KURUDI PASIPO NAFASI

Vita vilipomalizika mwaka 1945, maelfu ya askari walianza kurejeshwa nyumbani. Serikali ya kikoloni haikuwa imelala kabisa kuhusu suala hilo. Maafisa wake waliogopa askari waliorudi, kwani walijua kwamba hawa hawakuwa tena wale vijana walioondoka. Walikuwa wamejifunza kuendesha magari, kutuma habari kwa mitambo, kutibu majeruhi, kuandika na kuhesabu. Walikuwa wameona miji ya mbali na kuzoea posho ya kila mwezi.

Baadhi walipata nafasi ya kufunzwa huko Kabete, useremala, uashi na namna ya kuendesha biashara ndogo. Wapo waliofaidika kwa mafunzo hayo. Hata hivyo, nafasi zilikuwa chache mno zikilinganishwa na idadi ya waliorudi. Matarajio makuu ya wakuu wa serikali yalikuwa kwamba askari wengi wangeyeyuka tu, warudi katika mashamba ya wazee wao au katika mashamba ya walowezi, na maisha yaendelee kama kwamba Burma haikuwahi kuwepo.

Kosa la mpango huo lilikuwa bayana. Katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Kati, mashamba ya kurejea yalikuwa yamebanwa. Ardhi nono ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wazungu, na familia za Waafrika zilizidi kuongezeka katika vipande vilivyosalia. Ilhali hali ilikuwa hiyo, serikali iyo hiyo ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba na mikopo wazungu waliotoka vitani ili waje kukaa katika nyanda za juu za Kenya. Mpango kama huo ulikuwa umefanywa pia baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918.

Kwa hiyo, watu wawili waliokabili risasi za adui mmoja walirudi kwa mizani mbili. Mmoja alipewa shamba na mkopo. Mwingine alipewa malipo madogo ya kuagwa, cheti cha kuachishwa kazi, na amri ya kuchukua tena kipande chake.

Itote alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alijaribu biashara, kama walivyojaribu askari wengi waliotumaini kwamba akiba yao ndogo ingewafungulia mlango. Wengi wao waliungana kuanzisha maduka, vinu vya kusaga unga na magari ya abiria. Aghalabu juhudi hizo zilikwama. Leseni zilitolewa kwa mkono wa birika, mikopo ya benki haikutolewa kwa mtu asiyekuwa na hati ya ardhi, na uzoefu wa biashara ulikuwa mchache. Akiba iliyochukua miaka kukusanywa iliyeyuka kwa miezi.

Hatimaye Itote alipata kazi katika reli kama mchochea moto wa garimoshi. Ilikuwa kazi ya halali, yenye mshahara wa kila mwezi, lakini ilikuwa kazi ya kurusha makaa katika tanuri la gari lililoendeshwa na watu wengine kuelekea mahali alikochagua mwingine. Mtu aliyevuka Chindwin hakukosa kuliona hilo.

Ndipo alipoanza kujitafutia nafasi katika siasa. Alijiunga na chama cha KAU, kilichoongozwa na Jomo Kenyatta kuanzia mwaka 1947. Alijiingiza pia katika mambo ya vyama vya wafanyakazi na kujihusisha na kundi la Nairobi lililojulikana kama Anake a Forty, yaani vijana wa rika la mwaka 1940, ambalo lilijaa wasio na kazi na askari wa zamani. Mwaka 1950 alikula kiapo.

Itote hakuwa wa pekee katika njia hiyo. Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshi katika Mashariki ya Kati na Uingereza, alirudi na hasira iyo hiyo, akawa kiongozi wa wafanyakazi na baadaye mmoja wa washtakiwa sita wa Kapenguria. Si kila askari wa zamani aliyejiunga na Mau Mau, na si kila Mau Mau aliyekuwa askari wa zamani. Wengi wa waliorudi kutoka vitani waliishi kimya wakilima na kuchunga. Lakini waliojiunga walileta kitu ambacho wakulima hawakuwa nacho: ujuzi wa kupanga jeshi.

JENERALI WA MLIMA KENYA

Agosti 1952, miezi miwili kabla ya serikali kutangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, Itote aliingia katika msitu wa Mlima Kenya akiongoza kundi dogo la vijana. Kundi hilo lilikua na kuwa jeshi la maelfu. Hapo ndipo jina la Jenerali China lilipopata umaarufu.

Mambo aliyoyafanya humo yalikuwa nakala ya Keya iliyogeuzwa upande. Wapiganaji waligawanywa katika vikosi. Vyeo vilitolewa, zamu za ulinzi zikapangwa, daftari za majina na vifaa zikawekwa, na makosa yakahukumiwa kwa sheria. Kuruta walifunzwa kuvizia na kurudi nyuma kwa utaratibu. Silaha zilikuwa haba, nyingine zikiwa za kuundwa kwa mabomba ya maji, lakini nidhamu ilikuwa ya askari aliyepita mikononi mwa sajini mkali. Uingereza ililazimika kuleta vikosi vyake na ndege za vita kupambana na watu ambao baadhi yao iliwafunza yenyewe.

Vita hivyo havikuwa na usafi. Damu ya Waafrika wengi ilimwagika, waliokuwa upande wa serikali na waliokuwa upande wa msitu, na raia wa vijijini walibanwa baina ya pande mbili. Maelfu kwa maelfu walitiwa katika kambi za kuzuiliwa, na wakazi wa vijijini wakahamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Makovu ya miaka hiyo yangalipo katika familia nyingi.

Mnamo Januari 15, 1954, Itote alijeruhiwa shingoni katika mapambano na akakamatwa. Alihojiwa kwa saa nyingi na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Kenya na kukifahamu Kikuyu barabara. Mwanzoni mwa Februari alifikishwa mahakamani Nyeri, akapatikana na hatia ya kuwa na risasi na kushirikiana na watu wenye silaha, akahukumiwa kunyongwa.

Hukumu hiyo haikutekelezwa. Serikali iliona kwamba jenerali aliye hai angeweza kuwa na faida kuliko maiti, na Itote alikubali kuwaandikia wenzake waliosalia msituni kuwashauri waje mezani. Machi 1954 Gavana Evelyn Baring alimpunguzia adhabu ikawa kifungo cha maisha. Mazungumzo yenyewe yalianza, lakini yalivunjika mwezi wa Aprili baada ya mapigano kuzuka.

Hatua hiyo iliacha doa katika sifa zake. Wapo waliomwita msaliti aliyenunua maisha yake kwa siri za msitu, na serikali kwa kweli ilipata habari nyingi kutoka kwake. Wapo waliomtetea kwamba alikuwa ameona mauaji ya kutosha, na kwamba askari anayejua nguvu za adui wake ana haki ya kutafuta amani. Itote mwenyewe alishikilia maisha yake yote kwamba alikuwa akitafuta njia ya kuokoa watu wake. Msomaji wa historia hana budi kuziweka hoja zote mbili mizanini, kwa kuwa kila moja ina uzito wake.

SHULE YA LOKITAUNG

Alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, karibu na mpaka wa kaskazini. Huko aliwakuta Kenyatta, Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba, waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Palikuwa mahali pa joto kali, upepo wa vumbi na kazi ya sulubu. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake.

Ni katika mazingira hayo kwamba maandalizi ya kweli ya Itote kwa maisha ya uraiani yalianza, wala hayakupangwa na serikali. Kenyatta alijitwika jukumu la kumfundisha Kiingereza. Jenerali aliyeamuru maelfu aliketi kama mwanafunzi wa darasa la chini, akijifunza kusoma na kuandika lugha ya mahakama iliyomhukumu. Mwalimu na mwanafunzi waliunda uhusiano wa baba na mwana, na wafungwa walipogawanyika kwa mabishano makali ndani ya gereza hilo, Itote alisimama upande wa Kenyatta.

Uaminifu huo ulikuja kumfaa. Lakini elimu yenyewe ilimfaa zaidi. Mara ya kwanza alipotoka jeshini, alikuwa na ujuzi wa bunduki na akiba ndogo tu. Alipotoka kizuizini Juni 1962, alikuwa na lugha, na alikuwa amekaa miaka mingi akitafakari jinsi nchi inavyoongozwa. Muda si mrefu baadaye alipelekwa Israeli kwa mafunzo, nchi ambayo wakati huo ilisifika kwa jinsi ilivyowachanganya vijana wake katika jeshi na kilimo.

UHURU NA SWALI LA WAPIGANAJI

Desemba 12, 1963, Kenya ilipata uhuru. Siku chache baadaye, katika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, wapiganaji waliosalia msituni walianza kujitokeza na kukabidhi silaha chini ya msamaha wa serikali mpya. Walitoka wakiwa na nywele ndefu zilizosokotwa na mavazi ya ngozi, wengi wakiwa wamekaa msituni kwa zaidi ya miaka kumi.

Swali la mwaka 1945 lilikuwa limerudi, safari hii mikononi mwa Waafrika wenyewe. Watu hawa wangepelekwa wapi?

Jeshini hapakuwa na nafasi yao. Jeshi la Kenya huru lilikuwa Keya ile ile iliyobadilishwa jina, na askari wake ndio waliokuwa wakiwasaka wapiganaji hao milimani. Serikali haikuthubutu kuyachanganya majeshi hayo mawili. Isitoshe, Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa Uingereza kuwatuliza.

Ardhini pia mlango ulikuwa mwembamba. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, lakini aliyetaka kipande alitakiwa kulipia kwa mkopo. Mpiganaji aliyetoka msituni pasipo senti hakuweza kushindana na mwenye mshahara au duka. Kaggia, aliyekuwa waziri msaidizi wa elimu, alipodai mashamba yatolewe bure kwa waliopigania, alipoteza kazi yake mwaka 1964. Wapo wapiganaji waliokata tamaa na kurejea msituni. Mmoja wao, Baimungi wa Meru, aliuawa na vikosi vya serikali mwanzoni mwa mwaka 1965.

Katika hali hiyo, mwaka 1964, serikali iliunda Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, linalojulikana kama NYS. Lengo lake lilikuwa kuwachukua vijana wasio na kazi, wakiwemo wale waliokuwa wamelelewa na vurugu za miaka ya 1950 na wafuasi wa vijana wa vyama vya siasa, na kuwapa nidhamu, elimu na ufundi huku wakijenga taifa. Waliamka alfajiri kwa gwaride, wakafyeka vichaka, wakajenga barabara, kisha wakaketi darasani.

Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, yule mwanzilishi wa shule ya Starehe. Msaidizi wake alikuwa Waruhiu Itote. Uteuzi huo ulikuwa na uzito wa kipekee. Griffin alikuwa amewahi kuwa afisa wa jeshi la serikali wakati wa Hali ya Hatari, kabla ya kuacha bunduki na kuanza kuwalea wavulana waliozuiliwa kambini. Sasa yeye na jenerali wa Mau Mau walikuwa katika afisi moja, wakipanga jinsi ya kuwalisha, kuwavisha na kuwafunza vijana wa pande zote za vita vilivyopita.

Huenda hapana mahali pengine katika Kenya ya wakati huo ambapo maridhiano yalifanywa kwa vitendo kuliko hapo. Hawakuhitaji kukubaliana kuhusu yaliyopita. Walihitaji kuhakikisha kwamba kuruta ana viatu, kitanda na fundi wa kumfunza. Kwa Itote, ilikuwa kazi iliyotumia kila alichojifunza: gwaride la Keya, uongozi wa msituni na subira ya Lokitaung. Aliyeutumia ujuzi wa vita kujenga jeshi la waasi sasa aliutumia kuwafanya vijana kuwa mafundi, madereva na wakulima.

Alikaa katika shirika hilo hadi alipostaafu mwaka 1984. Katika kipindi hicho aliandika pia. Kitabu chake cha kumbukumbu, Mau Mau General, kilichapishwa mwaka 1967, na kingine, Mau Mau in Action, kikafuata mwaka 1979. Kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza gerezani, hayo hayakuwa mafanikio madogo. Alifariki mwaka 1993.

WALIOBAKI NJE

Hata hivyo, hadithi ya Itote haipaswi kufunika ya wengine. Yeye alikuwa na bahati ambayo wapiganaji wa kawaida hawakuwa nayo. Alimjua rais. Alikuwa amesoma gerezani na mtu ambaye baadaye alishika hatamu za nchi. Kwa kila Jenerali China aliyepata afisi, walikuwepo mamia waliorudi vijijini na kukuta mashamba yao yamegawanywa upya na kusajiliwa kwa majina ya wengine, watoto wao hawakusoma, na jirani aliyekuwa upande wa serikali amekuwa tajiri.

Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku kisheria miaka 40 baada ya uhuru, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003 tu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa katika kambi, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wakati huo Itote alikuwa amelala kaburini kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wa waliomfuata mlimani pia.

Lipo funzo katika maisha haya mawili ya mtu mmoja. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba kumwachisha askari kazi ni jambo la kumvua sare, kumlipa na kumpandisha gari la kurudi kwao. Haikujiuliza anarudi katika shamba gani, kwa leseni gani, na kwa heshima gani. Miaka saba tu baada ya vita kumalizika, ilipata jibu kutoka Mlima Kenya.

Serikali huru, pamoja na mapungufu yake mengi, ilifanya jambo moja ambalo mkoloni hakulifanya. Kwa baadhi ya waliotoka vitani na vijana waliokua katika vivuli vyake, ilitengeneza mahali pa kupitia: mahali penye nidhamu waliyoizoea, kazi yenye faida kwa umma, na ufundi wa kuondoka nao. Hapakuwatosha wote, na hilo ndilo deni lililobaki.

Kila mwaka nchini, askari huagwa kwa gwaride na kurejea nyumbani wakiwa bado na nguvu na miaka mingi ya kuishi mbele yao. Baadhi wametumikia Somalia na katika shughuli za kulinda amani nchi za mbali, kama walivyotumikia babu zao Burma. Wanarudi na ujuzi, na wengine wanarudi na majeraha yasiyoonekana. Wanaohitaji kuketi nao na kuuliza watafanya nini wanapaswa kufanya hivyo mapema, kabla ya siku ya kukabidhi sare. Kijana wa Kaheti aliulizwa swali hilo akiwa amechelewa, na aliyemuuliza alikuwa mfungwa mwenzake.